Mashimo ya Chini ya Mlango

Mashimo yale niliyaziba mimi. Naliweka hili mbele kabla sijaanza kujieleza, maana nikianza kujieleza huwa sifiki. Kwa miaka minne nilisema sikuyagusa. Nilimwambia fundi, nikamwambia mume wangu, na siku moja, nikiwa peke yangu uani naanika nguo, nilijikuta najiambia mwenyewe kwamba huenda kweli sikuyaziba, huenda lilikuwa tope tu. Uongo ulikuwa umeiva kiasi kwamba hata aliyeupika alianza kuula.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala kifudifudi kando ya gari lake: kila mlango una vitundu kwenye ukingo wake wa chini, viwili au vitatu, vyembamba kiasi cha kupitisha kijiti cha kiberiti. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye kioo, hupenya kando ya mpira wa dirisha na kuingia ndani ya mlango. Ndivyo ilivyopangwa. Mlango haukuundwa kuyazuia maji, uliundwa kuyapokea na kuyatoa. Mimi, mwenye shahada mbili na makala kadhaa magazetini, nililijua jambo hili nikiwa na miaka arobaini na mitatu, tena nililijua kwa wiki tatu tu kabla sijaamua kwamba najua zaidi.

Tunaishi Buswelu, pembezoni mwa jiji letu la kando ya ziwa, ndani kidogo, mahali ambapo wakati wa kiangazi barabara hupanda hewani asubuhi na haishuki mpaka jioni. Vumbi letu ni jekundu na halibishi hodi. Nilikuwa nikifika chuoni kufundisha nikiwa na alama ya mkanda wa gari kifuani, safi, na pande zote mbili za alama hiyo nina rangi ya tofali. Wanafunzi walikuwa na adabu, hawakucheka mbele yangu.

Gari lenyewe ni dogo, la mtumba, jeupe. Milango yake yote minne ilianza kuota vipele chini, rangi ikafura kama andazi. Nilipokibonyeza kimoja kwa ukucha, kikapasuka na kumwaga unga wa kahawia. Nikaelekezwa Nyakato, nyuma ya ukuta wa kiwanda, kwa ndugu wawili mafundi wa bodi. Kaka mtu, ambaye ana umri wa kunizidi kidogo, ndiye aliyepokea wateja, akazungumza, akacheka, akakumbuka majina ya watoto wa watu. Mdogo wake, mtu mzima naye mwenye mvi za kwanza, ndiye aliyeshika kazi. Hakuwa msemaji. Alikata bati lililooza, akachomelea jipya, akapiga praima ndani na nje, akasugua kwa msasa na maji mpaka mkono ukiteleza juu ya mlango husikii mahali palipoungwa. Kisha akapaka oili nzito ndani ya mlango, kwenye zile kona ambazo hakuna mteja atakayeziona.

Siku ya kuchukua gari aliniita nichuchumae. Akachomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu moja, kikatokea upande wa pili.

"Haya yalikuwa yamejaa tope, mwalimu. Ndiyo maana. Kila mwezi upitishe kijiti. Mlango lazima ukojoe. Ukiubania, figo zinaoza."

"Wewe!" kaka yake alifoka kutoka kwenye benchi. "Huyo ni mwalimu wa chuo."

"Basi lazima uende haja ndogo," akasema mdogo mtu, bila kucheka, na mimi nikacheka kwa niaba yake.

Wiki tatu baadaye upepo wa Agosti ulianza. Nilikuwa nimevaa gauni la krimu, nakwenda kwenye mahafali, na nilipofika nikashuka kama mtu aliyefukuliwa. Jioni ile nilikaa kwenye kigoda nikalitazama gari kwa jicho la kitaaluma. Vumbi linatoka chini. Chini kuna mashimo. Hitimisho likajiandika lenyewe. Bafuni kulikuwa na tyubu ya silikoni ambayo mume wangu aliinunua kuziba kingo za sinki. Niliziba mashimo yote ya milango minne, nikayalainisha kwa kidole nilicholowesha kwa maji ya sabuni, kama nilivyomwona yeye akifanya. Ilikuwa kazi nzuri. Sijawahi kufanya kazi ya mkono nzuri kama ile, na naona aibu kwamba mpaka leo kuna sehemu yangu inayojivunia.

Vumbi, bila shaka, liliendelea kuingia. Lilikuwa linapitia kwenye mpira wa buti, kule nyuma pa kuwekea mizigo.

Na kwa kuwa liliendelea, niliendelea kuosha. Kila Jumamosi niliteremka mpaka ufukweni, pale jamaa wanapovuta maji ya ziwa kwa pampu na kukupigia gari kwa mpira wenye nguvu ya kung'oa stika. Nilipenda mahali pale: mawe makubwa, harufu ya dagaa walioanikwa, soda baridi, saa nzima ya kutoulizwa chochote na mtu yeyote. Nilimwambia yule jamaa apige sana kwenye milango. Akapiga. Maji yakaingia kupitia juu kama kawaida, yakashuka chini kama kawaida, yakakuta silikoni. Njiani kurudi, kila nilipokata kona, nilisikia *chwaa* upande wa kushoto, kisha *chwaa* upande wa kulia. Nikajiambia ni petroli kwenye tangi. Nilibeba ziwa milangoni kwa miezi kumi na moja nikidhani ni petroli.

Vipele vilirudi kwenye milango yote minne. Jumapili moja mchana nikachukua kisu cha jikoni, nikalala uani juu ya gunia, nikachokoa tundu la kwanza. Maji yakatoka kwa kishindo yakanimwagikia kwenye kwapa. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na mwishoni yakaja mabamba madogo ya kutu kama majani ya chai yenyewe. Nilielewa kila kitu mara moja. Hilo ndilo linaloniuma. Kama ningekuwa sijaelewa, leo ningekuwa mjinga tu, na ujinga una heshima yake.

Badala yake niliendelea kuchokoa. Mashimo yote. Nikaondoa silikoni mpaka ya mwisho, nikakwangua kwa sindano, nikafuta kwa mafuta ya taa, nikazika masalia kwenye shimo la takataka. Mume wangu akatokea mlangoni.

"Ile silikoni yangu ya bafuni iko wapi?"

"Ilikauka. Nimeitupa."

Kesho yake nikaenda Nyakato. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona mapema?"

Nikamwonyesha milango. Akapitisha ukucha juu ya kipele kimoja. Akamwita mdogo wake. Yule akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, akakinusa.

"Mwalimu, mashimo uliyaziba?"

"Mimi? Niyazibe kwa nini?"

"Hapa kulikuwa na kitu. Kama silikoni. Bati lina mstari."

Sasa ndipo elimu yangu ilipotumika. Nilieleza kwa utulivu kwamba gari la Dar linaweza kusingizia chumvi ya bahari, lakini sisi ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo kutu inayorudi kabla ya mwaka inaweza kuwa na sababu moja tu, nayo ni maandalizi ya bati. Nilisema "maandalizi ya bati" kama mtu aliyezaliwa gereji. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi wakatikisa kichwa kukubaliana nami.

Kaka mtu alinitazama, akamtazama mdogo wake. Naweza kusema nilikuwa na nafasi pale, ya kama pumzi mbili. Sikuitumia.

"Umelipua kazi, hukuliandaa bati," akamwambia mdogo wake.

"Sijalipua, kaka. Huyu mama kaziba."

"Mwalimu mzima adanganye kwa ajili ya mlango?"

Hilo ndilo lililomaliza. Siyo hoja yangu ya maji baridi. Ni yale mazoea yetu ya kuamini kwamba mtu aliyesimama mbele ya ubao hasemi uongo kuhusu vitu vidogo. Mdogo mtu alinitazama usoni, kwa muda, kisha akaweka msasa juu ya boneti la gari la mtu mwingine, akanawa mikono kwa petroli, akavaa shati lake na kutoka. Milango yangu ilirudiwa kazi na kaka mtu mwenyewe, bure, na kwa kuomba radhi. Radhi hiyo niliipokea. Nilisema, "Hamna shida, fundi."

Nilisikia baadaye kwamba mdogo mtu amefungua gereji yake Buhongwa, pembeni ya barabara ya Shinyanga. Nilijifariji kwamba nimemsaidia kujitegemea. Kila mwezi nilipitisha kijiti cha kiberiti kwenye mashimo, kwa uaminifu wa mtu anayesali rozari ya dhambi nyingine. Milango haijapata kutu tena. Kila nikiona haina kutu, najua ni kwa sababu hatimaye nimemtii mtu niliyemfukuzisha kazi.

Mwaka huu, baada ya masika, nilipeleka gari Nyakato kwa mkwaruzo mdogo wa bampa. Kaka mtu alikuwa amekonda. Akaagiza soda, tukakaa. Akaniambia binti yake mkubwa anaolewa, sendofu ya kumuaga ni mwezi ujao, na vikao vya familia vimeanza.

"Hongera sana! Na mdogo wako atakuwa ameshika nini? Mapokezi?"

Niliuliza kwa mdomo tu, kama mtu anavyoligusa jino bovu kwa ulimi.

"Hajaja hata kikao kimoja. Miaka minne hatusemeshani, mwalimu. Mtoto analia, anataka baba yake mdogo akae meza ya mbele. Nimemtumia ujumbe: njoo, kiri tu kwamba siku ile ulilipua kazi, yaishe. Anajibu hawezi kukiri kitu ambacho hakufanya." Akageuza chupa mkononi. "Kiburi tu. Nasubiri akiri."

Nilikunywa soda yangu yote. Nilimshukuru. Nikaendesha mpaka nyumbani taratibu, kama mtu aliyebeba mayai, ingawa milango ilikuwa mikavu.

Siku mbili nilitunga barua. Nina kipaji cha barua. Ya kwanza ilikuwa na neno "mazingira" mara tatu. Ya pili ilisema "huenda mashimo yalizibwa", kana kwamba yalizibwa na upepo. Niliichana, nikachukua simu saa nne asubuhi, gereji ikiwa imejaa, nikapiga kabla sijapata akili.

"Mwalimu! Subiri naweka spika, mikono ina rangi."

Nilisikia msasa ukisugua, redio, mtu akigonga bati. Niliomba atoe spika. Akasema hawezi, mikono ina rangi.

"Fundi, yale mashimo niliyaziba mimi. Miaka ile. Kwa silikoni. Kisha nikaitoa kabla ya kuja kwako."

"Rudia, mwalimu. Hapa wanagonga. Hebu nyamazeni!"

Kugonga kukakoma. Msasa ukakoma. Mtu akazima redio. Nikarudia, mbele ya Nyakato nzima, neno kwa neno, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu sasa nilikuwa najua inavyosikika.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na siku ile ukamtazama usoni."

"Nilimtazama."

Nyuma yake mtu akasema, "Duh, mwalimu!" akanyamazishwa.

"Usikate," akasema. Nikasikia akihangaika, akimwagiza mtu aishike simu nyingine, hapana, hiyo, tafuta jina lake. Ikaita. Iliita muda mrefu. Kisha sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa miaka minne ikasema haloo, kwa mashaka, kama mtu anayefungua mlango nusu.

"Yupo mtu hapa anataka kusema. Nimeziweka simu pamoja. Sema, mwalimu."

Mara ya tatu nilisema kwa ufupi. Hakukuwa na cha kupamba.

Gari kubwa likapita Buhongwa, nikalisikia kupitia simu mbili.

"Ulizibia nini?" mdogo mtu akauliza.

"Silikoni. Ya bafuni."

"Kaka. Nilisema silikoni."

"Ulisema."

"Nilisema bati lina mstari."

"Ulisema, mdogo wangu. Sikukusikiliza. Nisamehe."

Nilifungua mdomo kuomba msamaha wangu, nilikuwa nimeuandaa, ulikuwa na aya mbili. Lakini walikuwa wameshaingia kwenye Kisukuma, taratibu kwanza, kisha wakikatishana, na mimi ambaye nyumbani kwetu ni Bukoba nilishika neno moja moja tu. Kati ya maneno hayo nilisikia "Jumamosi", kisha "saa nane", kisha mdogo mtu akisema kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie, labda kwa bahati mbaya:

"Nitakuja. Mwambie mtoto nitakuja."

Nikakaa na simu sikioni, nisijue kama nina haki ya kuendelea kuwepo.

"Mwalimu," kaka mtu akasema hatimaye, bila ukali, "asante kwa kusema. Sasa kata simu. Haya mengine ni ya kwetu."

Nikakata.