Siku Niliyogonga Meza Juu ya Iraki

Beryl, mjukuu wangu, amenisumbua wiki mbili niandike habari hii. Nimemwambia nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na mkono wangu umezoea upawa kuliko kalamu. Hasikii. Basi naandika, na asinirekebishe kitu.

Mimi ni Wavinya, watu huniita Mama Kavata. Nauza supu ya vichwa vya mbuzi karibu na machinjio ya Dagoretti tangu barabara yetu ikiwa vumbi. Watoto wanne wamesomeshwa na sufuria hii. Kibanda kina benchi mbili na meza moja, na kwenye meza hiyo watu hubishana siasa kuanzia saa nne asubuhi. Zamani wengi walikuja kubishana tu, wanajaza benchi na hawanunui kitu. Nikaweka sheria: anayetaka kusema agonge meza na kikombe chake, na kikombe kiwe na supu. Ikiisha, unyamaze.

Sheria nzuri, lakini ilinifunga mimi mwenyewe. Miaka ishirini nimesimama kwa jiko nikisikiliza upuzi, na nikifungua mdomo, Mwalimu Nzomo ananiuliza, "Mama Kavata, kikombe chako kiko wapi?" Benchi zote zinacheka.

Mwaka huu redio ilipotaja tena Iraki na majirani zake, ubishi ukarudi ule ule. Nzomo, mwalimu mstaafu wa Uthiru, alisema Marekani iliingia Iraki kwa ajili ya mafuta. Jaswinder, Kalasinga wa Loresho mwenye duka la vipuri mjini, akasema ni woga: walipigwa kwao, wakatafuta mtu wa kuonyeshea nguvu ili mtaa mzima uone. Nzomo akamuuliza zile silaha walizoenda kutafuta ziko wapi. Siku tatu wanarudia hayo. Na mimi nilikuwa na neno langu, linaniwasha kooni.

Siku ya nne nikavua aproni. Nikajitilia supu kikombe kikubwa chekundu, nikamsukuma Nzomo kwa nyonga, nikaketi, nikagonga meza.

Hata Zedekiah, broka anayewauzia wachinjaji ng'ombe wa wafugaji, akaacha kutafuna.

"Nyinyi wote mnaangalia ng'ombe," nikasema. "Mimi naangalia broka. Broka hana haja ng'ombe awe wake. Haja yake ni mfugaji na mchinjaji wasikae benchi moja. Marekani ilisimama na Iraki ikipigana na Irani, halafu ikaifukuza hiyo hiyo Iraki huko Kuwaiti. Leo rafiki ya huyu, kesho ya yule. Hao majirani wakielewana wenyewe, nani atamtaka mtu wa katikati?"

Nzomo akauliza kama basi nakataa mambo ya mafuta.

"Mafuta ndiyo ng'ombe, mwalimu. Sijasema hakuna ng'ombe."

Wote wakamgeukia Zedekiah. Alijikuna shingo, akasema, "Mama, sasa mbona unaanika kazi yangu mbele ya watu?" Tulicheka mpaka wachinjaji wakatoka na visu kuuliza kuna nini.

Jaswinder hakucheka sana. Akagonga. "Mama, broka hula faida. Marekani ilizika maelfu ya vijana wake huko, na mwishowe Irani ndiyo ikapata sauti ndani ya Iraki. Broka gani huyo?"

Nikafungua mdomo. Nikatazama kikombe. Kwa ile furaha nilikuwa nimekimaliza chote. Na sheria ni yangu.

Hapo Nzomo akainuka. Alijifunga aproni yangu juu ya lile tumbo lake, akashika upawa ambao hajawahi kuugusa, akanijazia kikombe, nusu ikaenda kwa jiko. "Mheshimiwa," akaniuliza, "niongeze pilipili?"

Nilimwambia aongeze. Nikanywa polepole, kama mteja. Siku hizi kikombe changu, kile chekundu, kimetundikwa juu ya jiko, na hakuna anayeuliza kiko wapi.

Ila Jaswinder sijamjibu vizuri. Nilimwambia mabroka wajinga wapo, na Zedekiah akakubali, lakini jibu hilo halinitoshi hata mimi. Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, njoo Dagoretti Jumamosi, kabla ya saa sita, unisaidie kumjibu. Na ununue supu kwanza.