Ramani ya Shemeji na Ng'ombe wa Mama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mchora ramani za nyanda za juu, na kwa ubishi hana mpinzani. Kazi anaifanyia mezani: anatazama kwa lenzi picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, penye giza anapaka kijani cha msitu, penye mwanga anapaka njano ya malisho. Mlimani hapandi, eti magoti yanamuuma. Magoti hayohayo harusini yanacheza mpaka asubuhi.

Mwaka jana ramani yake mpya ilitoka, na askari wa misitu wakawafukuza ng'ombe wa mama kwenye bonde alilochungia tangu hatujazaliwa. Ramani inasema pale ni msitu. Ng'ombe hao ndio waliotusomesha, na bila bonde lile kiangazi hawavuki. Mama akamfuata mkwewe nyumbani.

"Mwanangu, msitu huo umeota lini?"

"Mama, picha haidanganyi."

"Basi twende ukanionyeshe mti mmoja tu. Ukiupata, ng'ombe nitawauza mwenyewe."

Dada alimkazia mumewe macho, magoti yakapona.

Tulifika asubuhi. Bonde zima lilifunikwa na kivuli cha jabali, cheusi tii. Mama akatandika khanga, akakaa. Jua lilivyopanda, kivuli kilirudi nyuma kidogo kidogo, zikabaki nyasi tupu. Kumbe ndege ya picha ilipita asubuhi kama hii, shemeji akapaka kivuli kijani. Nilicheka, kisha nikamwona mama anafuta machozi kwa pindo la khanga, nikaona aibu.

Shemeji, tumpe haki yake, alikwenda kukiri kwa mkuu wake. Mkuu akasema ramani imeshatiwa saini na msitu haufutwi kienyeji. Ila kama tatizo ni miti kukosekana, hilo dogo. Akaagiza miche.

Wiki hiyohiyo shemeji akiwa kibarazani na chai yake, ng'ombe wote wa mama waliingia uani, wakaanza na maua ya dada. Mama alifuata nyuma na fimbo.

"Mama, hapa ni makazi ya watu."

"Askari amenionyesha ramani yako. Mtaa wenu wote ni njano."

Ilikuwa kweli. Picha zilipigwa kabla mtaa haujajengwa, naye alipaka bila hata kuchungulia dirishani.

Shemeji alitaka kusema ramani imekosea. Akamtazama mama. Akaweka kikombe chini, akaenda kuwatekea ng'ombe maji.