Saksafoni ya Baba Mdogo na Mafuta ya Kondoo

Ukifungua lile sanduku, kitu cha kwanza kukupiga puani kilikuwa mate. Mate ya kale ya Baba Mdogo Kamau, yaliyochacha ndani ya saksafoni pamoja na tumbaku na pombe ya muratina hadi yakaota ukungu wa kijani. Aka! Hata leo nikikumbuka, naziba pua. Alikuja nayo kutoka vitani, akaipuliza miaka yote kwenye dansi za Thika bila kuipangusa hata siku moja. Ilipokataa kulia kabisa, akaitupa ghalani kwetu Gitothua, pale Ruiru. Akaniambia, “Wanjiku, wewe si unapenda kupulizapuliza? Ukiifanya ilie, ni yako. Krismasi ikifika bado bubu, naiuza kama shaba chakavu.” Niliitaka kuliko gauni jipya.

Nikavua vifuniko vyake kimoja kimoja, nikavipanga kwenye ungo. Chini ya kila kifuniko palikuwa na kijingozi laini cha kuziba tundu, na vyote vilikuwa vimekauka na kupasuka. Nyumbani kwetu ngozi iliyokauka ilikuwa na dawa moja tu, mafuta ya kondoo. Tulipaka miguu, tulipaka mikanda, tulipaka viatu vya Baba vya kanisani. Basi nikavipaka vijingozi pia, vikalainika, nikajiona fundi kweli kweli. Asubuhi nafungua sanduku, mende! Wamejaa hadi ndani ya bomba, na panya ametafuna kila kijingozi, akaacha mavi yake humo. Nililia kwa kinyaa, halafu kwa hasira.

Mama, aliyekuwa akiuza viazi Thika, aliniletea mabaki ya ngozi ya mbuzi yaliyotupwa nje ya kiwanda cha ngozi. Yalinuka, jamani, mzoga na chokaa pamoja! “Usiyaingize nyumbani kwangu,” akasema, na ni yeye aliyeyabeba. Niliyaosha, nikayakwangua kwa wembe hadi yakawa membamba, nikayakata kwa kufuata ukingo wa kila kifuniko, nikayabandika kwa lakiri iliyoyeyushwa. Bomba nikalipitisha kitambaa chenye sabuni na maji moto, tena na tena. Kilichotoka humo sikisimulii, huenda kuna anayesoma akila.

Ikalia. Wiki ya Krismasi Baba Mdogo akaja amevaa suti. “Lete, naenda kupiga harusini Thika.”

“Ulisema ni yangu.”

“Nani amekataa? Naazima tu.” Akatema tumbaku, akapangusa midomo kwa kiganja. Niliiona ile midomo. Nikachomoa kile kipande cha kupulizia, nikakitia mfukoni, nikampa iliyobaki. “Haya, enda nayo.” Akamtazama Mama. Mama akaendelea kumenya viazi. Akaiweka chini, akaenda zake.

Siku hizi wajukuu wangu wana saksafoni zinazong'aa, na skrubu ikilegea kidogo tu, mbio kwa fundi Nairobi. Sawa, wana bahati. Lakini kile kipande cha mdomoni wanapokezana kama chupa ya soda, huyu akitoa, huyu anatia. Ptuu! Nikigomba wananicheka, “Cucu, una roho ngumu.” Baba Mdogo pia alisema hivyo, akasusa kuja kwetu hadi Pasaka. Nilimpenda mpaka siku tulipomzika, lakini ile saksafoni haikurudi mdomoni mwake.