Darasa la Mikono ya Fundi Mitumbwi

Nilipowaaga walimu wenzangu wa Kashai, mmoja aliniuliza nimekosa nini. Kwa mawazo yake, mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza mjini Bukoba mpaka watoto wa wanafunzi wake nao wakaja kumwamkia bibi, hapelekwi kisiwani bila kosa. Nikamwambia nimeomba mwenyewe. Akacheka, akasema kweli ng'ombe hazeeki maini. Mama yangu, kule mtaani kwetu Bakoba, hakucheka. "Waitu, mwanangu, huko maji kila upande," alisema, "na wewe na kuogelea wapi na wapi?" Nilikuwa na kiburi changu, sikatai. Watoto waliopita mikononi mwangu walijua kusoma, na nilitaka kujua kama aliyewasomesha ni mimi au ni mji.

Kisiwa chenyewe ni kimoja kati ya vile vya Muleba, cha wavuvi waliotoka kila upande wa ziwa. Mwalimu mkuu, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinipokea kwa heshima zote kisha akanionyesha darasa langu. Lilikuwa kivuli. Kivuli cha ukuta wa darasa la tano, basi. Asubuhi kilitutosha sote. Jua likipanda kilikonda, watoto wakasogea na kusogea mpaka wakawa mstari mmoja, migongo ukutani, nami nikabaki juani na ubao wangu. Nilifundisha hivyo tangu shule zilipofunguliwa Januari, nikiwa na kitenge kichwani na hasira kifuani.

"Masika yakitukuta hivi, madamu," aliniambia mwalimu mkuu, "hawa itabidi wakae nyumbani, waanze upya mwakani. Madarasa mengine yamejaa, huwezi kuchomeka hata mmoja."

Walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuunganisha silabi. Mtoto akikatizwa hapo, mwakani anarudi hakumbuki hata a, na mwingine harudi kabisa, kwa sababu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna kazi ya kuanika dagaa isiyomkataa mtu wa umri wowote. Nikaitisha mkutano wa wazazi. Hawakuja. Nikaingia ofisini na maneno makali kuhusu wavuvi na elimu, na yule kijana akaniacha nimalize. "Sasa hivi ni giza, madamu," akasema kwa upole. "Ngoja mbalamwezi."

Nilikulia migombani, mwezi kwangu ulikuwa wa kutazama tu. Kumbe dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Siku za giza mwalo mzima unahangaika usiku na kulala mchana. Mwezi ukikomaa, mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na watu wanapata siku zao. Kwa hiyo nikangoja, nikiangalia mawingu kila asubuhi kama mtu anayemngojea mdai wake.

Mwezi ulipokomaa walikuja, na hawakuja kukaa kikao. Walikuja na mbao. Mbele yao alikuwa mzee mmoja Mkerewe, mwembamba, fundi mitumbwi, ambaye nusu ya vyombo vya mwalo ule vilitoka mikononi mwake. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wangu. Alinisalimu, akapima ardhi kwa hatua zake, akaanza kazi. Kila mtumbwi ulileta watu wake na kila kundi likapewa upande wake wa ukuta: Wasukuma huku, Wajita kule, Wahaya wenzangu wakibishana kama kawaida yetu. Kina mama walipandisha mchanga kwa mabeseni kusawazisha sakafu. Mabati yaling'olewa kwenye banda la zamani la samaki.

Nimeona shule nyingi zikijengwa, na nyingi zikikwama kwenye msingi mpaka nyasi zikaota ndani. Kitu kama kile sijawahi kukiona. Yule mzee hakujua kujenga nyumba. Alijua kuunda mtumbwi, basi akaunda mtumbwi. Ubao ulikutana na ubao, na kila palipokutana alipigilia pamba iliyochovywa mafuta kwa patasi butu, maji yasipenye, polepole, akisikiliza. Akimaliza alipapasa kwa kiganja. Palipomtia shaka aliing'oa yote, akaanza tena, wala hakuna aliyemharakisha. Niliacha kusahihisha madaftari nikakaa kutazama mikono yake, kingine sikukiona. Sioni haya kusema nilikuwa na machozi.

Walipomaliza wakaniita niingie wa kwanza. Nikaingia, mlango ukarudi nyuma yangu, na sikuona hata mkono wangu. Giza totoro. Hapakuwa na mwanga hata wa tundu la sindano. Nikasimama mle ndani, na harufu ya mbao mpya na dagaa wa zamani, nikajiona mdogo mbele ya kazi ya watu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni mwalimu.

"Baba," nikamwambia nilipotoka, "madirisha yako wapi?"

"Madirisha?" Alinitazama, akatazama kuta zake. Vijana wakaanza kucheka, na kicheko kikasambaa mpaka kwa kina mama. Mzee hakucheka. "Madamu, tangu nianze kazi hii mimi naziba matundu. Sijawahi kutoboa chombo."

"Watoto hawataona ubao, baba."

Akazunguka jengo zima. Akarudi, akauliza kama hakuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna. Basi akaniomba nichore mwenyewe kwa chaki, akampa kijana mmoja msumeno, akageuka akatazama ziwa mpaka sauti ya kukata ilipokwisha. Vicheko vilikoma. Mwishowe alirudi, akatengeneza vifuniko vya madirisha kwa mkono wake, na kingo zake akazipigilia pamba.

Masika yalikuja wiki iliyofuata. Tuliyaona yakivuka ziwa, meupe, yakimeza kisiwa kimoja baada ya kingine, na watoto wakaanza kukusanya madaftari yao. Ndivyo walivyozoea: tone la kwanza, kila mtu kwao. Nikafunga vifuniko vya upande wa ziwa. Mvua ikatua juu ya mabati. Nikawaambia wakae. Hawakunisikia, mabati yalinguruma mno, lakini waliniona nimekaa, nao mmoja mmoja wakakaa. Nikainuka nikaandika ubaoni ba, be, bi, nikawa naonyesha kwa fimbo, na midomo yote ile ikawa inafunguka na kufungika, sauti hata moja isisikike. Nikapapasa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa mkavu. Sijui nieleze vipi furaha ile.

Mlango ulikuwa wazi kidogo kuingiza mwanga, na hapo nikamwona mzee. Alikuwa ametoka mwaloni katikati ya mvua ile, amelowa chapachapa, anazunguka ukuta akipapasa maungio moja baada ya jingine. Nilimpungia mkono aingie. Akachungulia, akamwona mjukuu wake, akatabasamu, akatikisa kichwa. Nikamfuata mlangoni nikapaza sauti: "Baba, ingia, utaugua!"

"Hapana, madamu," akapaza sauti naye, akirudi nyuma hatua moja. "Nikiingia nitaleta maji ndani."