Uzi wa Kumwindia Bubu

Baba mkwe wangu alimwita dubu "bubu". Kiswahili alikiokota Nairobi, alipokimbilia akitoka Uganda, na mnyama huyo hakumkuta huko, kwa hiyo jina lake alikuja kulidaka hapa Stockholm, nusunusu. Mimi ni mtu wa Tanga. Nikisikia neno limevunjwa guu siwezi kunyamaza. Nikamwambia, "Baba, ni dubu. Bubu ni asiyeweza kusema." Akaendelea kumenya ndizi zake. "Basi mimi nasema sawa. Wewe ulimsikia yeye akisema lini?"

Nikavuta kiti, nikamsaidia kumenya.

Tulikuwa jikoni kwake Hagsätra, kitongoji cha Stockholm. Alikuwa ameshastaafu usaidizi wa wauguzi kwenye hospitali ileile ninayofanya kazi mimi, kule Flemingsberg, na kila vuli alikwenda kaskazini kuwinda na kundi la Waswidi. Kulikuwa na dubu mmoja aliyewatoroka vuli tatu mfululizo. Alikaa kwenye eneo lililokatwa miti zamani, ambako vichaka vimeota vikafungamana hata mbwa anaingia kwa kutambaa. Baba mkwe alipanga vita vyake mezani. Sufuria ilikuwa kinamasi, maganda ya ndizi vichaka, na kijiko kilionyesha upepo unakotoka.

"Wenzangu wanamfuata ndani," alisema. "Ni makosa. Bubu akifuatwa anazunguka, anakuja nyuma yako kukunusa. Unamwacha na mbwa. Wewe unatafuta mlango wake wa kutokea, unakaa, upepo ukupige usoni." Akainama mpaka kidevu kikagusa meza, akachungulia chini ya maganda. "Na hutazami majani. Majani yanadanganya. Unatazama chini, unaona miguu."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikasema.

Hakujibu. Birika lilikuwa linapiga mluzi nyuma yake, limepiga muda mrefu, wala hakugeuka. Nikalizima. Ndipo akaona uso wangu, akajua nimejua.

Masikio yake yalikuwa yamekwenda. Vifaa vya kusikilizia alipewa, akavitia kwenye droo, anadai vinampigia kelele za koti lake mwenyewe. Nikamwambia wazi kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Akacheka kidogo, kisha akaacha. Mkubwa wa kundi akifahamu, alisema, atamwondoa kwenye nafasi yake, na yeye alitaka vuli moja tu zaidi, na dubu yule. Sijawahi kumwona akiomba kitu. Mzee huyu alikuja nchi hii na begi moja, akalea mwana ambaye hata leo anamjibu Kiswidi, akanyanyua wagonjwa miaka yote bila kulalamika mgongo. Nilimhurumia, na nilimpenda pia. Nikasema nitakwenda niwe masikio yake.

Sasa tukapata tatizo la kuchekesha. Ningempaje ishara? Kwao Waganda, baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani kabisa. Kikombe hajawahi kunipa mkononi; hukiweka mezani, nami nikakichukua. Anayevunja mwiko, wanasema, hushikwa na maradhi ya kutetemeka mpaka kaburini. Mimi siyo wa huko, lakini adabu ya nyumba uliyoolewa ni adabu yako. Basi nikaleta uzi mwekundu wa kufumia. Ncha moja ingefungwa kwenye mkanda wa suruali yake, nyingine kwenye kidole changu. Kuvuta mara moja, kuna kitu. Mara mbili, acha, usipige. Tulifanya mazoezi msituni nyuma ya maghorofa yao, watu wa kutembeza mbwa wakitupisha kwa heshima.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikaa ukingoni mwa vichaka, yeye mbele akiwa na bunduki, mimi hatua mbili nyuma. Upepo ulitupiga usoni kama alivyotaka. Alikaa saa nzima bila kukuna hata pua. Mimi nilikuwa nimeshabadilisha mkao mara ishirini. Mbwa alibweka upande wa pili, mbali, kisha akanyamaza.

Nikasikia kijiti kikivunjika. Nikavuta uzi mara moja, na bunduki ikapanda taratibu. Nikainama nitazame chini ya majani kama nilivyofundishwa, na kweli, miguu ilikuwepo, minne, mizito, ya kahawia, ikija kwetu polepole kama mtu anayevuka sebule yenye mtoto aliyelala. Baba mkwe alikuwa ameiona. Bega lake lilitulia.

Halafu nikasikia nyuma ya mnyama kitu kingine. Vijiti vidogo, vya haraka, na mguno mwembamba wa kudeka. Jike mwenye watoto hapigwi. Ni sheria ya Waswidi, na ya baba mkwe kabla yao. Nikavuta mara mbili. Uzi ukaja wote mkononi mwangu, mlegevu. Kisiki kilikuwa kimeukata nilipoinama. Nikaita "Baba" kwa mnong'ono, lakini nilikuwa namnong'oneza kiziwi. Ningepiga kelele ningemshtua mama mwenye watoto hatua ishirini kutoka tulipo.

Nikajivuta mbele, nikamshika mkono. Kwa vidole vyangu vyote, juu ya kiwiko, kwa nguvu.

Hakugeuka kuniuliza. Kidole kilitoka kwenye kifyatulio na bunduki ikashuka kwanza, ndipo akanitazama. Walipotokea, mama na wawili, wakavuka njia na kuzama upande wa pili bila sauti, alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. "Bubu," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua.

Adhuhuri, kwenye moto wa kundi, nilitarajia atanyamaza. Mimi ningenyamaza. Alisimama akatoa risasi zake, akamkabidhi mkubwa wao, akasema kwa Kiswidi kwamba hasikii, kwamba ameficha tangu mwaka uliopita, na kwamba leo angemuua mama wa watoto kama mke wa mwanawe asingemshika. Alilisema hilo la kushikwa mbele ya watu wote. Hakuna aliyeelewa ukubwa wake isipokuwa mimi. Mkubwa wao alimmiminia kahawa, akamsogezea nafasi kwenye gogo.

Jioni tulirudi Hagsätra. Alichemsha chai mwenyewe, macho yakiwa kwenye birika kwa kuwa mluzi hausikii. Alipomaliza hakukiweka kikombe mezani. Alininyooshea mkono, kikombe kimejaa hadi mdomoni, akangoja.

"Tazama," akasema. "Hautetemeki."

Nikakipokea. Mkono wangu mimi ulitetemeka, chai ikamwagika mezani, na mzee akacheka mpaka akaketi.