Tahadhari Mwishoni mwa Ukurasa

Ofisini walimwita Bi Mstari, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akinyoosha mistari ya watu wengine. Kampuni yao ilitengeneza programu za kutunzia kumbukumbu, za zahanati, za maghala, za shule, na kila programu ilikuwa na mwongozo wake, na kila mwongozo ulikuwa na kurasa ambazo mafundi waliziandika huku wana haraka ya kwenda kula. Kazi ya Bi Mstari ilikuwa kupita nyuma yao na kusafisha. Amri huandikwa kwa herufi nene. Neno ambalo msomaji ataliondoa na kuweka lake huandikwa kwa herufi za mlazo. Baada ya nukta nafasi moja, si mbili. Kichwa cha habari kisiachwe peke yake chini ya ukurasa kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Ukiona hayo ni mambo madogo, yafanye wewe kwa miaka kumi na tisa, halafu tuzungumze.

Maneno yenyewe hakuyagusa. "Mimi napiga pasi tu," alizoea kusema. "Nguo si yangu."

Alikuwa amechoka, tena si uchovu ule unaoisha ukilala. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kompyuta na moja ya karatasi, na mara nyingi aliitafuta moja huku ameivaa nyingine. Shingo ilimuuma kuanzia saa nne asubuhi. Lakini kilichomchosha zaidi ni kujua kwamba kurasa zake hazisomwi. Fundi wa programu aliyekaa meza ya mbele yake, bwana mwenye kitambi na maneno mengi, hakuacha kumkumbusha.

"Bi Mstari, mtu akikwama huanza kwa kubonyeza bonyeza. Akishindwa anapiga simu. Simu isipopokelewa anamwomba Mungu. Mwongozo wako unakuja baada ya hapo."

"Na wewe andika vizuri basi, nisiwe napoteza macho yangu kwa ajili ya watu wanaosali."

Alicheka kila alipojibu hivyo, ila neno la fundi lilimkaa moyoni. Duniani kote alimjua msomaji mmoja tu wa kurasa zile, naye alikuwa mdogo wake wa kike.

Huyo mdogo wake alimlea mwenyewe. Mama yao alifariki Bi Mstari akiwa na miaka ishirini na mdogo mtu ana sita, akawa dada na mama kwa pamoja. Alimfundisha kusoma kwenye meza ya jikoni, kidole chini ya mstari. Mtoto alikuwa na pupa, akiruka maneno ili afike mwisho akacheze. Bi Mstari alikuwa akikirudisha kile kidole mahali pake. "Usiruke. Soma moja, fanya moja. Maliza huo, ndipo uende unaofuata." Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikunjika kweli. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane, karani wa kumbukumbu kwenye zahanati, na bado alisoma na kidole chake, soma moja, fanya moja. Zahanati yao ilitumia programu ya kampuni ile ile, naye hakuona haya kuwaambia wauguzi kwamba mwongozo ule kaupanga dada yake.

Sasa, miaka mitatu nyuma, kulikuwa na jambo lililomkera Bi Mstari kuliko nafasi mbili baada ya nukta. Mafundi waliweka maneno ya tahadhari katikati ya hatua, ndani ya kisanduku, na kila kisanduku kilipoingia, namba zilianza upya. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisanduku, halafu tena hatua ya kwanza. Kurasa nyingine zilikuwa na hatua za kwanza tatu. Alimwuliza fundi kama inatengenezeka, fundi akasema programu ya kuandikia ndivyo ilivyo, haina dawa. Bi Mstari akaenda na dawa yake kwa mkuu wa kitengo: tahadhari zote zihamishwe, zikae pamoja mwishoni mwa ukurasa, chini ya kichwa chao. Mkuu alipenda usafi, hasa ule usiomtoa jasho yeye. Akaiingiza kwenye Kanuni za Uandishi, ikawa kanuni ya kumi na nne.

Kurasa mia mbili na kumi na mbili alizihamisha kwa mkono wake, miezi minne. Namba zikatiririka moja hadi tisa bila kukwama popote. Walimpa cheti. Alijifanya hakijali, akakitia kwenye droo, lakini kila baada ya wiki chache aliifungua ile droo kutafuta kalamu ambayo haikuwemo.

Jumatatu moja alirudi nyumbani akamkuta mdogo wake ameketi sebuleni na viatu vyake miguuni, mkoba mapajani.

"Mbona mapema?"

"Wamenisimamisha kazi, Dada."

Ikabidi Bi Mstari amtoe maneno moja moja. Kompyuta ya zahanati ilikuwa nzito, daktari mkuu akamwambia afuate mwongozo aisafishe. Akauchapisha ukurasa, akauweka kando ya kompyuta, akaanza na kidole chake. Hatua ya kwanza, akafanya. Ya pili, ya tatu, akafanya. Ya nne ilisema afute ghala la kumbukumbu la zamani, akafuta. Ya tano, afungue jipya, akafungua. Alipomaliza ya tisa aliigeuza karatasi, na kule nyuma akakuta imeandikwa: Tahadhari. Kabla ya hatua ya nne, toa nakala ya kumbukumbu zote. Zikishafutwa hazirudi.

"Chanjo za watoto, Dada. Miaka minne. Sasa wanasema sikusoma mwongozo." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Nilisoma. Nilisoma mpaka neno la mwisho. Alhamisi naitwa mbele ya kamati, na daktari ameshaniambia nisitegemee kurudi."

Bi Mstari alisema pole, akaingia jikoni kubandika maji ya chai. Akasimama mbele ya jiko, kibiriti mkononi, hakuliwasha. Ukurasa ule aliujua. Aliijua namba yake. Hakurudi sebuleni mpaka mdogo wake alipomfuata kuuliza kama kibiriti kimeisha.

Kesho yake mkuu wa kitengo alikuja mwenyewe mezani kwake na karatasi.

"Ninyooshee hii barua, iondoke kesho. Kuna zahanati imefuta vitu vyake inatulalamikia sisi."

Ilikuwa barua ya aya mbili. Tahadhari husika imeandikwa wazi katika mwongozo. Kosa ni la mtumiaji ambaye hakusoma mwongozo kikamilifu. Bi Mstari alivaa miwani ya kompyuta akaanza. Akaisogeza tarehe kulia. Akaondoa nafasi ya ziada kabla ya mkato. Mkono wa kazi ukishazoea hauulizi mwenyewe. Alifika kwenye sahihi ndipo akajiona anachokifanya: alikuwa anapiga pasi sanda ya mdogo wake.

Akafungua historia ya ukurasa. Kila badiliko huacha jina na tarehe. Pale palipoondolewa kisanduku juu ya hatua ya nne, jina lilikuwa lake.

"Yule karani ni mdogo wangu," alimwambia mkuu, ofisini, mlango umefungwa.

Mkuu alimwonyesha kiti. "Pole sana. Lakini tuongee ukweli. Tahadhari ipo au haipo?"

"Ipo."

"Basi hatujasema uongo."

"Ilikuwa juu ya hatua ya nne. Nimeihamisha mimi."

"Kwa mujibu wa kanuni."

"Kanuni nimeileta mimi."

"Na mimi nikaitia sahihi!" Hapo ndipo kijasho chembamba kilipoanza kumtoka, na Bi Mstari akaelewa kwamba mzee wa watu alikuwa anaogopa kuliko yeye. Mkuu akateremsha sauti. "Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Basi, mama, usijikaange kwa mafuta yako mwenyewe. Mdogo wako bado ana nguvu, atapata kazi nyingine. Wewe ukitoka hapa nani atakuchukua?"

Nisikufiche, Bi Mstari alilifikiria hilo. Alilifikiria Jumanne yote na Jumatano yote, huku mikono inaondoa nafasi mbili mbili kwenye mwongozo wa maghala. Alikuwa amechoka. Kunyamaza hakuhitaji nguvu, na yeye nguvu hakuwa nazo. Jumatano asubuhi aliiacha ile barua iondoke ilivyo, imenyooka vizuri. Alijidharau, akaendelea na kazi.

Jioni alimkuta mdogo wake anapiga pasi gauni la kuendea kwenye kamati.

"Barua ya kampuni yenu imefika," mdogo mtu alisema bila kuinua kichwa. "Wananiangushia jumba bovu. Lakini usijisikie vibaya, Dada. Wewe hukuandika. Wewe ulipanga tu."

Afadhali angemtukana. Bi Mstari alikaa kwenye kiti, akavua miwani.

"Ile tahadhari ilikuwa mbele, juu ya hatua ya nne. Mimi ndiye niliyeitoa nikaipeleka mwisho."

Pasi ilisimama. "Kwa nini?"

"Namba zilikuwa zinaanza upya."

Mdogo wake alimgeukia. Hakupiga kelele, na Bi Mstari alitamani apige.

"Namba," mdogo wake alisema. Akachomoa waya wa pasi, akaingia chumbani kwake, na gauni likabaki mezani limenyooshwa upande mmoja. Bi Mstari alilimalizia yeye.

Alhamisi hakwenda ofisini. Alikwenda zahanati na karatasi mbili, akaketi kwenye chumba cha mikutano ambacho pembeni palikuwa na mizani mbovu ya kupimia watoto. Walipomwita mdogo wake, akaingia naye. Mmoja wa wajumbe akauliza huyu mama ni nani.

"Mimi ndiye niliyeupanga ukurasa alioufuata," alisema. Kwa sauti ya uchovu tu, hakuwa na nyingine.

Daktari mkuu, mwanamke mwenye macho yaliyokesha kazini, alizipokea zile karatasi akaziweka sambamba. Upande mmoja ukurasa wa zamani, na kisanduku chake katikati na hatua za kwanza mbili. Upande mwingine ule mpya, moja hadi tisa.

"Huu wa zamani umekaa vibaya," daktari alisema.

"Vibaya sana. Hata mimi ndivyo nilivyoona."

"Lakini kwa huu angesimama kabla ya kufuta."

"Angesimama. Huyu anasoma moja, anafanya moja. Nimemfundisha mimi hivyo, na ndivyo hatua zinavyotakiwa kufuatwa. Aliyekosea si msomaji."

Walizitazama zile karatasi kwa muda, wakaulizana mambo kwa sauti za chini. Kisha wakawatoa nje, na baada ya nusu saa wakamwambia karani arudi kazini Jumatatu.

Alirudi, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Wiki saba yeye na wauguzi, wakifuata daftari la mahudhurio, waliwaita akina mama waje na kadi za watoto, wakaziingiza upya moja moja. Wengi walipatikana. Watoto thelathini na wanne hawakupatikana, wamehama au kadi zimepotea, na majina yao mdogo mtu anayo kwenye daftari lake.

Bi Mstari alipewa barua ya onyo. Mkuu akaacha kumsalimia, akamtumia maagizo kwa maandishi: kanuni ya kumi na nne imefutwa, tahadhari zote zirudishwe zilikotoka, na azirudishe yeye. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Alianza na ule wa kusafisha ghala la kumbukumbu. Alipokipandisha kisanduku juu ya hatua ya nne, hatua ya nne ikageuka ya kwanza.

Fundi mwenye kitambi alikuwa amesimama nyuma yake, na siku hiyo hakuwa na mzaha. "Zinaanza upya tena, Bi Mstari."

"Ziache."

Jumamosi yake aliupeleka ukurasa ule nyumbani. Mdogo wake alikuwa mezani, meza ile ile ya jikoni. Walikuwa wanasemeshana kama kawaida siku hizo, umeme, maji, nani anakwenda sokoni. Akamwekea karatasi mbele yake.

"Hebu soma. Niambie kama sasa imekaa sawa."

Mdogo mtu alifuta mikono, akaichukua. Hakuweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Aliigeuza karatasi kwanza, akaanza kuangalia upande wa nyuma.

"Nyuma hakuna kitu," Bi Mstari alimwambia. "Nimeondoa vyote."

"Najua, Dada," mdogo wake alisema, na akaendelea kuutazama ule upande mtupu mpaka chini kabisa, ndipo akageuza.