Kaunta Buku Lisilo na Kufuli

Kikoba cha Kibamba kina sanduku la bati la kuwekea akiba, lenye kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu: Bi Bahiya mwenye duka, Elibariki fundi cherehani, na Mama Kokushubila muuza maharage. Mmoja akisafiri, sanduku halifunguki hata kwa msiba. Wanachama thelathini na wanne wanaujua utaratibu huo kuliko sala zao. Aliyeuandika kwa mkono wake ni katibu, Mwalimu Projestus wa hesabu, namba kumi na tisa kwenye daftari la wanachama. Ndiyo maana alichowafanyia wenzake kinauma.

Ilianza na Kijiwe, mtandao wa kupiga soga kwenye simu, wenye sarafu yake ya kidijitali. Kijiwe hakikuwa na tajiri mmoja. Kilikuwa mali ya watumiaji wake, kila mtu na sarafu zake kidogo. Mwalimu alilipenda jambo hilo mno, akalipeleka kikaoni.

“Sarafu ikishikwa na mtu mmoja, siku akiuza bei inakufa,” aliwaambia. “Ikishikwa na maelfu, nani ataiangusha? Na orodha ya wanaonunua na kuuza iko wazi kwa wote. Anayeuza anaonekana, mpaka dakika aliyouza.”

Aliwafundisha hata kuifungua orodha yenyewe. Aliyechelewa kuelewa ni Tupokigwe, mpika vitumbua, namba thelathini na nne, wa mwisho kujiunga. Mwalimu alikaa naye Jumapili tatu mfululizo. “Soma kwa sauti, Tupokigwe,” alikuwa akimwambia. “Usione haya.”

Basi wakanunua, kila mmoja kwa uwezo wake. Ila kila akaunti ilikuwa na maneno kumi na mawili ya siri, na nani alikuwa na kichwa cha kuyakariri? Mwalimu akasema, “Nipeni mie niwatunzie.” Akayaandika yote kwenye kaunta buku moja, akaliweka kabatini kwake. Kufuli hata moja hakuweka. Hakuna aliyeuliza, maana nani amuulize mwalimu?

Kwa muda mambo yalinyooka. Watu wa Vingunguti na Mbweni, wasiowahi kukanyaga Kibamba, waliona majina ya kina mama na mafundi walioshikilia sarafu zao bila kutikisika. Wakapata moyo, nao wakanunua. Bei ikapanda kwa sababu ya majina yale. Mwalimu naye akawa anatembea kifua mbele, anaitikia shikamoo kabla haijatoka.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, akinywa chai na walimu wenzake, aliona bei imeshuka. Imeshuka kidogo tu. Mtu mzima na akili zake angewapigia wenzake simu, au angengoja Jumapili. Yeye alikimbilia nyumbani, nyuma ya shule, akafungua kaunta buku, akaanza kuuza sarafu za watu bila kumwuliza mtu. Nawaokoa, alijiambia. Aliuza akaunti moja baada ya nyingine, kwa kufuata namba za daftari. Isipokuwa namba kumi na tisa, yake mwenyewe. Hiyo alianza nayo.

Kule Kijiweni watu wana macho. Shomari mmoja wa Vingunguti akaandika: “Oyaa, Kibamba wanatoka mmoja mmoja kama wanafunzi wa paredi! Hawa siyo watu thelathini na nne. Huu mkono mmoja!”

Na kweli ulikuwa mkono mmoja. Wingi ule uliowapa watu imani ulikuwa kaunta buku la mtu mmoja kabatini. Kila aliyesoma alikimbilia kuuza. Mwalimu alipofika namba ishirini na moja, sarafu haikuwa na mnunuzi tena. Kumi na wanne wa mwisho hawakuambulia kitu.

Jumapili alisimama mbele ya sanduku la bati, akashindwa hata kulitazama. Alikiri kwamba aliuza bila ruhusa. Kisha ulimi ukamteleza, au tuseme aliuachia uteleze.

“Nilianza na namba moja, nikashuka kwa utaratibu. Bei ikanizidi mbio.”

“Binadamu tunakosea, Mwalimu,” alisema Elibariki taratibu. Wengine wakaitikia. Huruma yao ilimchoma kuliko matusi, lakini aliipokea.

Ndipo Tupokigwe akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

“Mie wa mwisho, nimeshazoea. Hata pilau ya sikukuu hunifikiaga imepoa. Lakini orodha ulinifundisha mwenyewe. Hapa namba moja imeuzwa saa nne na dakika arobaini. Kumi na tisa, saa nne na dakika thelathini na tano. Au nasoma vibaya?”

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Unasoma vizuri,” alisema.

“Basi andika. Katibu si ndiyo wewe?”

Akaandika. Na kwa desturi yao kikao hakifungwi mpaka muhtasari usomwe mbele ya wote. Mama Kokushubila akamwambia, “Haya baba, soma tufunge.”

Akasoma tarehe, akasoma mahudhurio. Alipofika kwenye mstari usemao kwamba katibu aliuza za kwake kwanza, midomo ilicheza, sauti haikutoka. Miaka ishirini amewasomea kwa sauti watoto sabini darasani, leo mstari mmoja ulimshinda.

“Soma kwa sauti, Mwalimu,” alisema Tupokigwe. “Usione haya.”